Lengelenge la Modesta

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Modesta alipanda juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba yao, huko Ilemela, kugeuza michembe. Viazi vitamu vilivyomenywa na kukatwa vipande vyembamba vilitandazwa pale juu, jua likavikausha mpaka vikawa vigumu kama vigae. Aliipenda sana kazi hiyo, kwa sababu mama yake, Rebeka, alikuwa akipanda naye. Waligeuza pamoja, wakisimuliana mambo ya siku nzima na kutazama ndege zikishuka uwanjani kando ya ziwa.

Hiyo ilikuwa kabla ya Precious kuja.

Precious alikuwa binti wa mjomba wake wa Ukerewe, na umri wao ulilingana. Aliletwa mjini kutibiwa chunjua, vile vivimbe vigumu vya ngozi, ambavyo vilikuwa vimejaa kwenye vidole vyake. Akaandikishwa shule moja na Modesta ili masomo yasimpite. Darasani hakuna aliyetaka kumshika mkono.

"Msimpe chaki," Obedi alisema siku ya kwanza. "Kesho chaki itaota chunjua."

Darasa likacheka. Modesta naye alicheka, kidogo.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Mama alimpeleka Precious kwa daktari wa ngozi, Daktari Mastura, ambaye aliweka tone dogo la dawa juu ya chunjua chache na kuzifunika kwa plasta. Jioni mama alizibandua plasta na kuviosha vidole hivyo kwa sabuni, kimoja kimoja, kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kesho yake malengelenge yalipojitokeza, mama alivishika vidole vya Precious na kuvipuliza taratibu.

"Modesta, nenda kageuze michembe," alisema bila kuinua macho. "Leo mwenzio anauguza vidole."

Modesta akapanda jabalini peke yake. Aligeuza vipande vya viazi kwa hasira hata vingine vikaanguka chini. Tangu lini mama amempuliza yeye vidole? Na kwa nini Precious amewekewa kipande cha samaki aina ya sato chenye nyama nyingi? Hata kitandani, Precious alivaa soksi moja mkononi kila walipolala. "Anajidekeza," Modesta aliwaza. "Anataka kila mtu akumbuke kwamba anaumwa."

Siku moja mama alirudi kutoka kwa daktari akicheka.

"Mnajua dawa ile asili yake ni nini? Sumu ya mbawakawa. Wale weusi wenye mikanda ya rangi ya chungwa mgongoni, wanaokula maua ya choroko. Sumu yao hutoa malengelenge, na lengelenge likiinuka huinuka na chunjua. Sisi tunawafukuza shambani, kumbe wenzetu wanawatafutia kazi."

Precious alicheka pamoja na mama. Modesta hakucheka. Alikuwa akiwaza.

Alasiri iliyofuata alishuka upande wa pili wa jabali, penye kishamba cha choroko cha mzee Shigela. Mbawakawa walikuwa wametulia juu ya maua ya manjano, wakila bila haraka. Akamnasa mmoja kwa jani, akamponda juu ya mkono wake, karibu na kiwiko. Ute kidogo ukatoka. Hakusikia maumivu yoyote. Alihisi kama amedanganywa, akamburuza yule mdudu mpaka karibu na kiganja.

Asubuhi aliamka mkono ukiwaka moto. Malengelenge makubwa yaliyojaa maji yalikuwa yamejipanga kutoka kiwikoni hadi kiganjani. Mama aliyaona, akaiacha sufuria ya uji jikoni.

"Mwanangu, umepatwa na nini?"

"Sijui, mama."

Mama akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaupuliza. Ndicho hasa Modesta alichokuwa akikitaka. Akafumba macho ili akifaidi vizuri.

"Ni mimi, shangazi," Precious akasema kwa sauti ndogo.

Modesta akafumbua macho.

"Tunalala kitanda kimoja," Precious aliendelea, akiificha mikono nyuma. "Nilikuwa navaa soksi kila siku ili dawa yangu isimguse. Labda ilipenya. Shangazi, sitaki kupakwa tena. Nirudisheni Ukerewe."

"Na vidole vyako je? Bado vingi havijatibiwa."

"Nimevizoea."

Mama alizima jiko. Aliwachukua wote wawili kwenda kwa daktari. Njiani alimshika Modesta mkono wake mzima, na Precious akafuata nyuma, mbali kidogo, ili asimguse mtu. Modesta alikuwa ameungojea mkono huo wa mama muda mrefu. Sasa ulikuwa ndani ya wake, na hakuufurahia hata kidogo. Kila alipogeuka alimwona Precious akiwapisha watu barabarani.

"Shikamoo, daktari," wasichana walisema.

"Marahaba, wanangu." Daktari Mastura aliutazama mkono wa Modesta, akasikiliza maelezo ya mama, akatikisa kichwa. "Sijawahi kuona dawa yangu ikihama kiasi hiki. Lakini kama imehama, siwezi kuendelea kumpaka Precious. Itabidi tuiache."

Precious akaitikia kwa kichwa na kuvikunja vidole vyake ndani ya kanga. Akasogea mlangoni.

"Haikuhama," Modesta alisema. "Nilijipaka mwenyewe. Nilimponda mbawakawa."

Daktari ndiye aliyesema kwanza, huku akiuosha ule mkono kwa maji na sabuni.

"Ungejifikicha jicho ungeweza kuliumiza vibaya. Ungelamba vidole, sumu ingeingia tumboni. Hata ng'ombe akila majani yenye wadudu hao wengi anaweza kufa. Dawa ninayompaka mwenzio imepimwa, naweka tone dogo, nasema liondolewe saa ngapi. Mdudu wa shambani hajapimwa na mtu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Alimfunga kitambaa safi, kisha akamwita Precious akae kwenye kiti. "Njoo, tumalizie vidole vyako."

Nje, mama aliketi kwenye benchi, akamweka kila mmoja upande wake.

"Modesta, ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilitaka unishike na mimi."

Mama akamvuta karibu. "Hapo nami nimekosa. Nilimwona anayeumwa, nikadhani wewe unajitosheleza. Lakini sikiliza, mwanangu. Ukitaka kitu kwangu, kiseme kwa mdomo. Wivu haukukupatia raha, umekupatia vidonda. Na uwongo wako ulitaka kumfukuza mtu aliyekuwa anakulinda hata usingizini."

"Nisamehe, Precious," Modesta alisema. "Nilikuwa naicheka ile soksi yako."

"Hata mimi ningeicheka," Precious akajibu. "Ina tundu."

Mama akacheka mpaka akafuta macho.

Alasiri hiyo walipanda jabalini wote watatu. Mama aligeuza michembe akiwa katikati, akiuliza habari za kila mmoja kwa zamu. Jioni Modesta alileta beseni la maji ya vuguvugu, na kwa mkono wake mzima akaviosha vidole vya Precious kwa sabuni, kimoja kimoja, kama alivyomwona mama akifanya.

Walipopanda kitandani, Precious alivaa soksi yake yenye tundu. Kisha akachukua ya pili, ile iliyobaki, akaivuta polepole juu ya kitambaa cha Modesta ili asije akajikuna usingizini.