Maji ya Kunde Ukutani

Kopo lilikuwa moja, mikono miwili. Duka la vifaa pale Mwanga lilifurika watu siku hiyo, maana mzigo ulikuwa umeshuka na treni, na zama zile za baada ya Azimio ukisikia rangi imefika hungoji kuvaa viatu. Selestini, fundi rangi, alilishika kopo upande huu. Upande wa pili alilishika mwanamke mwenye gauni la kijani na kitambaa cheupe kichwani, ananukia sabuni nzuri, na hana dalili ya kuachia.

"Ndugu, nimekutangulia," akasema Selestini.

"Umetangulia wapi? Mkono wangu ndio uko chini."

"Basi tuone nani mwenye shida zaidi. Unapaka nini?"

"Sebule yangu. Ila hii siyo rangi ninayoitaka." Akautazama mkono wa fundi pale juu ya kopo, kisha akamgeukia mwenye duka. "Maji ya kunde huna?"

Duka zima likaangua kicheko. "Mama, hiyo rangi ya mtu, si ya ukuta!"

Selestini hakucheka. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, mjinga wee. "Nitakuchanganyia mimi, ndugu," akasema.

"Nichanganyie. Lakini usiniite ndugu kila saa, watu watadhani tumezaliwa tumbo moja."

Jina lake Bibiana. Alikuwa mwunganisha simu wa posta, akiishi peke yake Bangwe katika nyumba inayotazama ziwa. Mumewe, Telesphory, karani wa mizigo, aliondoka na boti kwenda Kongo ikazama njiani. Mwili haukuonekana. Mpaka leo hana kaburi.

Alichokuwa nacho ni doa. Selestini aliliona asubuhi ya kwanza tu, alipoingia na ndoo zake: juu ya benchi la sebuleni, katika chokaa nyeupe, duara la manjano kama ukubwa wa kichwa.

"Ndipo alipokuwa akiegemea akisikiliza redio," akasema Bibiana. "Mafuta ya nywele. Kila nikipaka chokaa linarudi, nimechoka. Nikirudi kazini nalikuta linaningoja. Liondoe, fundi."

Akalikwangua. Akalisugua kwa majivu na sabuni. Akapaka chokaa mkono wa kwanza, ukuta ukameremeta. Asubuhi yake doa lilikuwa pale pale. Akapaka mkono wa pili, likarudi. Tangu hapo kila alipoipa ile sehemu mgongo alihisi anatazamwa, na mara moja alijikuta akisema "samahani" alipopita mbele ya benchi tupu.

Lakini mapenzi nayo hayajui kuogopa maiti. Rangi ilitafutwa huku wakitaniana. Alitia udongo mwekundu katika chokaa, akapaka viraka ukutani, akamwita aje achague.

"Hii?"

"Hiyo matofali."

"Na hii?"

"Chai ya msibani, maziwa hakuna!"

"Wewe mwanamke, maji ya kunde za wapi unayoyataka? Za kwenu Kasulu au za Ujiji?"

Bibiana akaenda jikoni akachemsha kunde kweli, akaleta maji yake katika bakuli wapate kulinganisha. Kunde zenyewe wakazila kwa ugali, vichwa vimekaribiana, Selestini akasahau kabisa brashi iliyokuwa ikimkaukia. Kisha akakata muhogo, akauchonga ua upande mmoja, akauchovya katika rangi nyeupe na kumwonyesha jinsi ya kugonga nakshi juu ya mstari wa ukuta. Ua la kwanza Bibiana alimgonga nalo shavuni.

"Bado kidogo," alikuwa akisema kila kiraka kipya kilipokauka. "Ichangamshe kidogo. Bado kidogo, mpenzi." Neno lilimtoka hivyo hivyo, na hakuna aliyelirudisha.

Siku iliyofuata rangi ilikubaliwa, na Selestini alikuwa amemaliza tu ukuta mmoja jirani, Mwanvua, alipochungulia dirishani na kusalimu kwa Kiha. "Mwakeye, fundi! Eh! Hiyo rangi jamani!" Akajishika kifua. "Marehemu mtupu. Alikuwa maji ya kunde hasa, Telesphory. Maskini Bibiana, bado anamtafuta."

Brashi ikamning'inia Selestini mkononi. Akaukumbuka ule usemi wa bado kidogo, bado kidogo. Kumbe wiki nzima alikuwa akichanganya ngozi ya mwanamume mwingine, na doa lile lilikuwa likimcheka. Wivu ulimpanda. Akakusanya ndoo zake akaondoka bila kuaga, ukuta mmoja umepakwa, ule wa doa bado mweupe.

Akapata kazi ya kupaka ofisi moja karibu na stesheni. Mezani palikuwa na simu. Alijizuia kuinyanyua, akajizuia tena. Karani alipotoka kwenda kula, Selestini akafuta mkono kwenye suruali na kuinyanyua.

"Namba, tafadhali."

Ni yeye.

"Namba, tafadhali... Fundi, najua ni wewe. Unapumua kama uko juu ya ngazi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba namchora mumeo ukutani! Mwanvua ameniambia. Maji ya kunde!"

Waya ukakoroma kidogo. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Alikuwa maji ya kunde, kweli. Mwanvua anakumbuka. Mimi ndiye nimesahau, Selestini. Nafumba macho namtafuta uso, simwoni. Kimebaki kichwa kile cha mafuta tu. Sasa nitakuwaje namtafutia rangi mtu nisiyemkumbuka?"

"Basi ulikuwa ukilinganisha na nini?"

"Pale dukani nilikuwa nimeshika kopo na nani?"

Selestini akautazama mkono wake uliokamata simu, wenye matone ya chokaa, na chini ya matone ngozi yake yenyewe, maji ya kunde mpaka kwenye kiwiko. Machozi yakamlengalenga, na hakuona haya.

Jioni ile alishuka Bangwe na ndoo zake. Bibiana alikuwa mlangoni, gauni lile lile la kijani. Ndani, benchi limehamishiwa ukuta wa pili, ule aliokuwa ameumaliza. Doa limebaki peke yake katika weupe wake, na kulizunguka Bibiana alikuwa amegonga maua ya muhogo, mengine yamepinda, mengine yamechuruzika.

"Nilikosea kutaka liondoke," akasema. "Hana kaburi. Mwache akae hapo."

"Na mimi nikae wapi, ndugu?"

"Selestini, nimesema usiniite hivyo. Ndugu hawaoani."

Akaingia chumbani akatoka na kichupa cha mafuta ya nywele. Akamiminia kiganjani, akampaka kichwani polepole, akamkalisha kwenye benchi.

"Egemea."

"Rangi mpya hii! Nitaharibu kazi yangu mwenyewe, na doa halitatoka tena."

"Ndivyo ninavyotaka," Bibiana akasema. "Na safari hii nataka nione linavyoanza."

Selestini akalitazama doa la upande wa pili. Akalisalimu kwa kichwa, kama mtu anavyomsalimu mwenyeji. Kisha akaegemea.