Ramani Aliyonyweshwa Ummi

Ewe unayesoma haya, apa kwanza. Sema wallahi hutamwambia mtu, si mumeo, si shoga yako, si yule dada yako wa Mikindani asiyeweza kulala na neno kifuani. Umeapa? Haya. Mimi nami niliapa hivyo hivyo, kama wote tuliokuwepo, Mwanarusi amenishika mikono miwili, machozi yake yananidondokea kwenye leso. Nikakaa na siri hiyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nikaona itanitoa roho, na mtu mzima kama mimi kufa kwa kunyamaza ni aibu.

Ilianza na nafasi nyeupe kwenye karatasi. Hivyo tu.

Mwanarusi ni jirani yangu hapa Bofu, ukuta kwa ukuta, akikaanga kitunguu mimi ndiye ninayepiga chafya. Mumewe ni Mwidani, aliyekuwa karani wa mizigo bandarini mpaka alipostaafu. Mtoto wanaye mmoja tu, Ummi, wa miaka minane, waliyempata wakati wenyewe wameshakata tamaa na sisi tumeshamaliza kuwasema. Chumba cha mbele wamempangisha Pascalia, binti wa Kisumu anayefanya kazi ya ofisi ng'ambo ya kivuko.

Sasa huyu Mwidani alikuwa na maradhi yake, na maradhi yenyewe ni ramani. Si ramani za kumwonyesha mtu njia. Hizi ni za vita vya zamani, Wazungu walipokuwa wakiuana kwao na huku wakichapisha ramani za kukejeliana: nchi hii imechorwa dubu, ile mbwa, ile jogoo aliyetuna kifua, na kila mnyama amekaa pale pale nchi ilipo, akimtolea meno mwenzake. Miaka ishirini na mbili alizikusanya. Kabati la kioo la sebuleni, ambalo kwa watu wengine huwekwa vikombe vya wageni, kwake lilijaa ramani. Ukienda kuomba chumvi, shurti uonyeshwe dubu kwanza. Mimi huyo dubu nimeonyeshwa mara saba, na chumvi nikaenda kununua dukani.

Lakini usimcheke. Bandarini alikuwa karani kati ya makarani mia. Mbele ya kabati lile alikuwa bwana. Watu wenye maradhi kama yake walimwandikia kwenye simu kutoka nchi za mbali, wakimuuliza habari, wakimuomba awapigie picha. Mtu akishaonja utamu huo, kumtoa ni kazi.

Basi Jumatatu moja, saa nane mchana, Bofu nzima imelala kwa joto, Mwidani alifungua kabati na kuitoa ramani yake mpya kabisa, iliyofika kwa posta kutoka Uturuki, nayo ina dubu wake. Bahari ipo. Milima ipo. Dubu hayupo. Pale alipokuwa amesimama palibaki weupe wenye umbo lake, mpaka na masikio. Pembeni kulikuwa na maandishi ya herufi za Kiarabu, nayo yalikuwa yamefifia. Karatasi ilikuwa na ubaridi, na ilinuka marashi ya waridi.

Alimuuliza mkewe. Mwanarusi akasema hajui, na akainamia sufuria yake. Mwidani akalaumu wino wa siku hizo.

Sasa ujue kuwa Ummi alikuwa na homa, na hiyo ilikuwa siku ya tisa. Hospitali walikuwa wamempima na kumpa dawa ya malaria, kisha dawa nyingine, na homa ikawa yaenda na kurudi. Jumatatu hiyo ilikatika ghafla. Nikasikia Mwanarusi akishukuru Mungu, nikajifunga leso nikaenda kumpa pole na hongera kwa safari moja.

Chumba kilinuka. Kilinuka manyoya mabichi, kama mbuzi aliyenyeshewa, na mbuzi nyumba ile hawana. Ummi alikuwa amechutama pembeni, mikono inaning'inia, akijiyumbisha huku na huku, huku na huku. Nikamwamkia kwa upole. Akainua macho akanitazama kama mtu anavyoutazama mchuzi.

Jumanne mbwa alitoweka kwenye ramani ya pili, na saa nane ile ile ya joto tukasikia kubweka chumbani kwa mtoto. Jumatano ikawa zamu ya jogoo. Ummi aliwika wakati wa alasiri, shingo ameinyoosha mpaka mishipa ikamtoka, na majogoo wote wa mtaa wakanyamaza, hakumjibu hata mmoja. Kabati lilikuwa limefungwa kwa ufunguo, na ufunguo alikuwa nao Mwidani shingoni. Ikawa hivyo wiki nzima, kila siku karatasi moja yabaki nyeupe, na kila siku mtoto apungua, mbavu zinahesabika, huku akila bila kushiba. Alimaliza mfuko mzima wa omena wa Pascalia, wale dagaa wa kwao, wakavu, hawajapikwa.

Pascalia alikuja kuniita uani, akanong'ona. Alisema, "Shosho, huyu mtoto tumrudishe hosi leo leo. Mimi sipendi story za mapepo. Lakini jana ameniita jina ambalo ni nyanya yangu tu huniita, na nyanya yangu alizikwa nikiwa darasa la tatu. Nimelala na meza nimeegemeza mlango."

Wakamrudisha. Daktari akaona mtoto amepungua kilo nne na asione sababu. Ndipo Mwidani, ambaye siku zote hujidai mtu wa kisasa, akaenda mwenyewe Mtongwe kumwita Maalim Mwinyihaji.

Maalim alifika baada ya alasiri na kilemba chake cha kijani, mzee mfupi asiyeinua sauti. Akafukiza udi, akakaa karibu na kitanda, akaanza kusoma. Sisi tulikaa mlangoni. Mtoto alitulia kwanza, kisha tumbo lake likaanza kuinuka na kushuka peke yake, bila pumzi, na ule uvundo wa manyoya ukaushinda udi, ukatufikia mlangoni, ukatuingia puani na mpaka kwenye nguo, na kinywa cha Ummi kikafunguka na kubaki wazi bila midomo kucheza, na kutoka ndani yake zikaja sauti nyingi kwa pamoja, nzito, za watu waliochoka.

"Tulichorwa na njaa," zilisema. "Miaka mia tumeambiwa tumle jirani, na hatujapewa hata jirani mmoja."

Maalim akauliza nani aliyewafungulia.

"Tumenywewa."

Hapo Maalim akaacha kusoma. Akageuka, akauliza polepole ni nani aliyempa mtoto huyu kombe.

Wewe wa pwani kombe unalijua, lakini kama atasoma mgeni nimfafanulie: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, na mgonjwa akayanywa yale maji. Mwandishi wa kombe wa mtaani petu alikuwa safarini Lamu. Na homa ilikuwa siku ya tisa.

Mwanarusi aliteleza ukutani mpaka akakaa chini. Akasema yote. Yeye kwenye chuo cha Kurani alifundishwa kusoma herufi, maana hakufundishwa. Aliiona ile ramani mpya ina maandishi mazuri pembeni mwa yule dubu mkali, akadhani ni dua ya kumfunga. Mumewe alipokwenda kuoga akachukua ufunguo, akailaza pembe ya karatasi kwenye sahani, akamimina marashi mpaka wino ukalegea, akamnywesha Ummi kijiko kwa kijiko. Mara moja tu. Aliapa mara moja tu.

Maalim aliomba aletewe ramani. Ujanani alikuwa amesoma huko huko Uturuki. Akaisogeza karibu na dirisha, akasoma yale yaliyobaki, na midomo yake ikapauka.

"Herufi ni za msahafu, maneno si ya msahafu," alisema. "Mwanangu, umemnywesha mtoto matusi ya vita."

Akatuambia dawa. Hawa ni jeshi moja, mmoja akitangulia huwaita wengine, na jeshi haliondoki likimwacha mwenzao nyuma. Ramani zote zitoke katika nyumba, zifungwe kwa kitambaa cheupe pamoja na jiwe, zizamishwe kivukoni kwenye mkondo kwa mkono wa mwenye mali, naye aseme mbele ya watu kwamba haikubaki hata moja. Ikibaki moja, watamngojea mwenzao humo humo ndani ya mtoto, na mwili huu hauna siku tatu.

Mwidani alilia, na sitamsingizia, alilia kweli. Asubuhi yake Pascalia akienda kazini alipanda naye feri kuwa shahidi. Walinzi waliwapigia kelele, ni nini hicho mnatupa, na kabla hawajafika kile kifurushi kilikuwa kimeshazama. Aliporudi alisimama sebuleni mbele yetu na kabati tupu nyuma yake, akasema: "Haikubaki hata moja."

Idadi ya ramani zake aliijua yeye peke yake.

Siku ya kwanza Ummi alilala usingizi wa watu. Mwanarusi akapika uji, akaukoroga kwa saa nzima kwa furaha. Siku ya pili mtoto akaamka na ngozi ya kijivu kama karatasi ya kale. Siku ya tatu, Ijumaa, macho yalikuwa yamezama, midomo imepasuka, na alipopumua ilisikika kama mtu anayekunjua gazeti. Maalim aliita watu baada ya sala, nyumba ikajaa mpaka uani, wanaume kwa wanawake, na Pascalia na rozari yake pembeni, hakuna aliyemkataza. Hata Mungu angeitwa kwa lugha gani siku ile, hakuna aliyejali.

Maalim hakuanza kusoma. Alisema mmoja wao yumo humu.

Watu wote wakamgeukia Mwanarusi, na mimi nikiwemo, Mungu anisamehe. Mwidani ndiye aliyetangulia kusema.

"Umeficha kipande, wewe. La kwanza ulinificha, la pili litakushinda? Toa, Mwanarusi. Toa, ama leo nakupa talaka mbele ya hawa."

Mwanarusi hakubishana. Aliivua buibui yake, akaitupa chini, akasimama na kanga tupu mbele ya wanaume. "Nipekueni," alisema. "Pekueni godoro, pekueni jikoni, nichaneni mimi mwenyewe mkitaka. Talaka nipe kesho. Mwanangu anakufa leo."

Na hapo ndipo Ummi, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameweza kuinua hata kidole, alipoteleza kutoka kitandani bila kishindo, akashuka kwa mikono na magoti, na watu wakajibana ukutani wakivuta miguu yao, na yeye akapita akinusa, mguu kwa mguu, kwa mwendo usiokuwa wa mtoto wala wa mnyama mmoja, mara mzito, mara mwepesi, akamnusa Pascalia akampita, akaninusa mimi na pumzi yake ikawa baridi kwenye kisigino changu mpaka leo nikigusa pale nahisi, akanipita, akafika kwa mamake akalaza shavu juu ya unyayo wake kitambo kidogo, watu tukasema ndiye huyo, ndiye huyo, kisha akainuka akaendelea, akivuta hewa kwa nguvu, mpaka akasimama mbele ya babake.

Mwidani alirudi nyuma, ukuta ukamzuia.

"Mshikeni mtoto," alisema. "Maalim, ana homa, mshikeni."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Ummi aliishika kanzu kwa meno na kucha, akaipasua kutoka kifuani mpaka chini, vifungo vikaruka. Chini ya kanzu kulikuwa na kikoi kilichofungwa tumboni, raundi mbili, na kati ya kikoi na ngozi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Ikaanguka. Pascalia ndiye aliyeikunjua.

Ilikuwa ramani ya kwanza kabisa aliyowahi kupata, zawadi ya baharia mmoja, yenye pweza aliyeketi katikati ya dunia akiikaba kwa mikono minane. Mwidani alianza kusema kwa haraka, bila kumtazama mtu: kwamba hii haina herufi za Kiarabu, kwamba pweza ni kitoweo tu, kwamba hakuna nyingine kama hii popote, kwamba angeitoa jioni, wallahi jioni. Karatasi mkononi mwa Pascalia ilikuwa nyeupe, pande zote mbili.

Ummi alikohoa mara moja. Kohozi jeusi likamtoka kinywani, akaketi kitako sakafuni kama watoto wanavyoketi, akatutazama tulivyojazana, akaona haya.

"Mama," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "nataka maji."

Mwanarusi alimnywesha, akamfunika kwa ile buibui, akampakata. Kisha akainua uso kumtazama mumewe, aliyekuwa bado amebanwa ukutani na kanzu imefunguka. Kwenye tumbo lake, mweusi kama aliyechapishwa, pweza alikuwa ameketi juu ya kitovu, na dubu ubavuni, na mbwa, na jogoo, kila mmoja pale pale nchi yake ilipo.

"Haya," Mwanarusi alisema taratibu. "Sema tena mbele ya hawa watu. Haikubaki hata moja?"

Mwidani alifungua kinywa aape. Na sisi sote, watu zaidi ya thelathini, mchana kweupe, tuliuona mkono mmoja wa yule pweza wa wino ukijikunjua tumboni, ukapanda kifuani, ukapita shingoni polepole bila haraka yoyote, ukalala juu ya midomo yake, ukaifunga.