Hali ya Bahari, Imeandikwa Voi

Kila siku naandika hali ya bahari kwa ajili ya hoteli moja ya Pwani, nikiwa hapa Voi kwenye vumbi jekundu, nikisoma vipimo vya setilaiti. Wageni huambiwa mwandishi yuko ufukweni. Uongo wa kistaarabu. Lakini mdogo wangu Titus, anayewafundisha wageni hao kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, huingia majini kwa neno langu.

Siku ile niliandika wazi: bendera nyekundu. Mawimbi makubwa, mkondo unavuta nje. Asiingie mtu.

Magharibi nikatoka kununua mahamri kwa Bi Mwanamvita.

"Eve!"

Sauti ya Titus. Nyuma yangu.

"Naam!" Kwetu milimani, ukiitwa unaitika.

Hakukuwa na mtu... Harufu ya mwani tu. Na pale chini, kwenye vumbi, maji.

Nilipomsimulia, Bi Mwanamvita aliacha mahamri yaungue. "Umeitika? Magharibi hii, na mtu hujamwona?"

"Bibi, mimi nina digrii."

"Basi ungeiacha hiyo digrii iitike! Mpigie nduguyo."

Nikapiga. Ikapokelewa. Maji... maji... halafu Titus, akihema:

"Dada, si umeandika shwari?"

Ikakatika.

Nikafungua ukurasa wa hoteli. *Shwari. Karibuni majini.*

Nikampigia meneja, Fanuel; hakuona hata haya. "'Shwari' nimeweka mimi. Wageni walikuwa wanahama, Eve, ungetaka nifanye nini? Lakini hiyo 'Karibuni majini'... Haki ya Mungu, si mimi."

Asubuhi wakampata Titus amelala mchangani. Mzima, bila hata mkwaruzo. Hoteli ikamrudisha kwetu Wundanyi na kikapu cha matunda. Jumapili mama akatoa ushuhuda, kanisa zima likaruka kwa haleluya.

Mimi sikuruka. Siku aliyofika, mama alimsalimia kwa Kidawida, lugha aliyomnyonyesha nayo.

Titus alitabasamu. Akanigeukia.

"Anasema nini?"

Jioni ya Jumapili hiyo nikamvuta mama jikoni. "Mama, yule si..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Najua," akanong'ona. "Nilimzaa mimi, nitakosaje kujua? Lakini wewe na bahari yako mtanirudishia nani mwingine?"

Akanikabidhi kikombe.

"Mpelekee chai."

Nikampelekea.