Kiti cha Ubavuni

Kila Jumamosi alfajiri Zulaika na baba yake, Fundi Jamiru, walitoka kwenye fleti yao ya International City, huko Uarabuni, wakapanda basi, kisha metro, kisha wakatembea hadi Al Quoz, mtaa wa karakana. Jamiru alibeba chupa ya chai, Zulaika alibeba chapati. Jamiru alikuwa fundi wa pikipiki, lakini si hizi za kupelekea watu chakula. Karakana ya bosi wake, Sir Ikhlas, ilitengeneza pikipiki za kale tu. Nyingine zilimzidi umri babu yake Zulaika kule Uganda, na wenye nazo walizipenda kama watoto wa kuzaa.

Zulaika alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwa miaka miwili alikuwa akisugua spoki za pikipiki hizo, moja moja, bila kulazimishwa na mtu. Mkono ulikuwa kwenye spoki, jicho lilikuwa kwenye pikipiki nyeusi ya Sir Ikhlas mwenyewe. Ilikuwa na kigari kilichofungwa ubavuni, na ndani yake kiti kimoja cha ngozi nyekundu. Kila Januari wenye pikipiki walifanya msafara kutoka Al Quoz hadi milimani Hatta. Zulaika alijiambia kwamba siku moja Sir ataona jinsi spoki zinavyong'aa, atamwita na kumkalisha pale. Hakumwambia mtu yeyote. Alingoja.

Halafu akaja Lois.

Lois na wazazi wake walitoka Bungoma, Kenya, wakapanga chumba cha pili cha fleti ileile. Jiko moja, bafu moja. Baba yake, Duncan, alikuwa fundi pia, na Sir Ikhlas alimwajiri kwa miezi mitatu ya majaribio. Lois alikuwa rika moja na Zulaika, lakini mdomo wake haukulala. Katika wiki mbili alikuwa amejua majina ya walinzi wote wa jengo. Mama yake Zulaika, aliyerudi hoi kila jioni kutoka kwenye jumba alilofanyia kazi Al Warqa, alicheka kwa neno moja tu la Lois. Zulaika hakukumbuka mara ya mwisho yeye kumchekesha mama yake.

Wivu haupigi hodi. Lois akisuka nywele, Zulaika aliona zake mbaya. Lois akisifiwa kwa hesabu, Zulaika aliisukuma sahani yake kando. Usiku alisikia kicheko chake kupitia ukuta mwembamba, akajifunika mto kichwani.

Wiki moja kabla ya msafara, Lois aliingia jikoni akirukaruka.

"Zu, hujasikia? Nitapanda kigari cha Sir."

"Nani kasema?"

"Sir mwenyewe. Wewe utanipungia mkono kutoka kwenye pikapu ya mafundi, sawa?"

Ulikuwa utani tu. Zulaika alisema hongera, akatoka jikoni.

Pikipiki za kale huvuja petroli zikiachwa koki ya tangi wazi. Kwa hiyo katika karakana ile koki zilifungwa kila jioni. Asubuhi kila fundi alifungua koki ya pikipiki aliyokabidhiwa, akaipiga kiki, akaikagua, kisha akafunga uzi wa njano kwenye usukani. Uzi ule ulikuwa neno la fundi. Mwenye pikipiki akiuona hakuuliza tena, alipanda akaenda.

Siku ya msafara, pikipiki nyeusi ilikuwa mikononi mwa Duncan. Alifungua koki, akakagua, akafunga uzi, akaenda kunawa mikono. Zulaika akainama kana kwamba anafuta spoki ya mwisho. Kidole kimoja kilitosha kuifunga koki. Alijua injini ingewaka kwa petroli iliyobaki kwenye kabureta, iende kidogo, kisha izime. Alipiga hesabu kwamba ingezima langoni, Lois ashuke mbele ya watu wote, na watu wacheke.

Lakini hesabu ya mwenye wivu haikosi kasoro. Pikipiki nyeusi, Sir akiiendesha na Lois kwenye kigari, ilipita lango, ikakata kona, ikaingia barabara kuu ikiongoza nyingine kumi na saba. Pikapu ilifuata nyuma, Jamiru kwenye usukani, Duncan dirishani, Zulaika katikati yao. Alianza kutokwa jasho.

Injini ilizima pale ambapo barabara nyingine inaungana na ile kuu kutoka kulia. Pikipiki za nyuma zilitawanyika huku na huku. Lori la saruji lililokuwa likiingia kwa kasi likafunga breki, matairi yakatoa moshi, likasimama hatua mbili kutoka kwenye kigari. Lois alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

Waliisukuma pikipiki hadi pembeni. Desturi ya msafara ni kwamba mmoja akisimama wote wanasimama, kwa hiyo wote walizima injini wakakusanyika. Duncan alipiga magoti, akagusa koki, akaikuta imefungwa. Sir Ikhlas aliona. Sir alikuwa amezaliwa na kukulia Nairobi, na akikasirika Kiswahili chake kilinyooka kama rula.

"Uzi huu nani kafunga?"

"Mimi, Sir."

"Na koki?"

"Nilifungua, Sir."

"Ikajifunga yenyewe? Fundi anayesahau, ninamfundisha. Fundi anayefunga uzi wa uongo, sina kazi naye. Tukirudi mjini, khalas, kazi yako imekwisha."

Kila aliyekuwa pale alielewa. Bila kazi hakuna viza, na bila viza Lois angekuwa Bungoma kabla ya mitihani. Jambo la aibu ni kwamba moyo wa Zulaika ulichangamka kidogo. Jiko litakuwa letu peke yetu, uliwaza. Mama atacheka na mimi.

Kisha akamtazama Duncan. Hakuwa akijitetea. Alikuwa akivitazama vidole vyake mwenyewe, kama mtu aliyeanza kuvishuku. Zulaika hakuweza kuvumilia kumwona vile.

"Sir, si yeye," alisema. "Ni mimi. Niliifunga baada ya uzi."

Jamiru alimgeukia ghafla. Sir Ikhlas aliuliza kwa nini.

"Nilikitaka kile kiti. Miaka miwili ninasugua spoki, halafu akapewa Lois."

"Wewe uliniomba lini?"

Zulaika akazitazama spoki.

"Lois alikuja ofisini akaniomba," Sir alisema. "Nikamkatalia. Kesho yake akaja tena. Wewe hujawahi kuniomba hata maji ya kunywa. Ningejuaje?"

Lois alishuka kwenye kigari. "Asubuhi ulinifunga mkanda wa kofia ya pikipiki kwa mikono yako, Zu," alisema. "Nimeyaona macho ya dereva wa lile lori."

Zulaika alimwomba msamaha, akamwomba na Duncan, akilia mbele ya watu wote. Duncan aliitikia kwa kichwa tu. Lois hakuitikia. Sir Ikhlas naye akamgeukia Duncan: alikuwa amemvunjia heshima mbele ya watu, akamwomba radhi mbele ya watu hao hao, akamwambia kazi yake ipo. Zulaika akapigwa marufuku kukanyaga karakana kwa miezi miwili. Koki ikafunguliwa, na msafara ukaendelea.

Huko Hatta, watu walipokuwa wakila, Zulaika alitembea peke yake hadi alipoketi Sir Ikhlas.

"Sir, miezi miwili ikiisha, naomba kurudi. Na mwakani naomba nipande kigari."

"Kurudi, utarudi," alisema Sir. "Kigari, hapana. Mwakani uniombe tena, nitaona."

Alirudi kwenye pikapu akiwa ameinamisha kichwa. Baba yake alimsogezea sahani ya wali.

"Amekataa?"

"Amekataa."

"Umekufa?"

"Sijafa, Baba."

"Basi sikia, mwanangu. Unachokitaka kiombe kwa mdomo wako, mchana, mbele ya mwenye nacho. Akikunyima, utaumia, na utapona. Ukikaa kimya, wivu utakuombea, na wivu hauombi kiti, unaomba mwenzako aanguke. Leo nusura upewe." Akamkabidhi kijiko. "Kula. Ukimaliza, nenda kwa Lois. Akikufukuza leo, kesho nenda tena."