Meno ya Evalyne

Asubuhi katika mji mdogo wa Ilerai, kati ya Kitengela na Kajiado, huanzia kisimani. Mashine inanguruma, akina mama wanapanga mitungi, na wakulima wanafungulia maji mashamba yao ya sukuma na nyanya. Nthenya na mume wake Wathome walihamia hapo kutoka Makueni kwa sababu ya kisima hicho. Kwao kungoja mvua kulikuwa kumewachosha. Hapa walilima mwaka mzima.

Shida yao ilikuwa moja. Binti yao Evalyne, wa miaka tisa, waliyehamia naye akiwa mchanga, alikuwa na meno ya kahawia.

"Ni peremende hizo!" Nthenya alizoea kumgombeza. "Na kupiga mswaki hutaki."

"Mimi napiga, mama."

"Ukipiga, mbona hayang'ai?"

Evalyne akajifunza kucheka akiwa ameziba mdomo. Halafu akaacha kucheka kabisa.

Jumamosi moja Nthenya alirudi kutoka shambani, mtoto mchanga Katee akiwa mgongoni. Alimkuta Evalyne nyuma ya jikoni. Msichana alikuwa anasugua meno kwa steelwool ya kuoshea sufuria. Damu ilikuwa inamtiririka kidevuni.

"Eva! Unafanya nini?"

"Nataka yawe meupe, ndio usinigombeze tena," Evalyne alisema akilia.

Nthenya alimnyang'anya ile steelwool. Alimwosha mdomo, akambembeleza, kisha akampeleka zahanati. Mama Lemein, jirani yao anayeuza maziwa, aliwaona barabarani. Akaacha madebe yake kwa duka na kufuatana nao.

Siku hiyo zahanati ilikuwa na Nashon, daktari wa meno kutoka Kajiado. Alisafisha fizi za Evalyne, akatazama meno yake kwa makini.

"Hizi fizi zitapona," alisema. "Mama, mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima. Watu wote wanakunywa hayo. Na mimi huyachemsha, daktari."

"Kuchemsha kunaua viini, na ni vizuri. Lakini maji ya chini ya ardhi pande hizi mara nyingi yako na madini yanayoitwa floridi. Kuchemsha hakuondoi floridi. Mtoto akinywa nyingi wakati meno yake ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya fizi, yanatokea yakiwa na madoa. Mswaki hauwezi kuyatoa. Huyu msichana hana makosa yoyote."

Evalyne akainua kichwa. "Si peremende?"

"Peremende hutoboa meno, kwa hivyo usizizidishe. Lakini rangi hii imetoka kwa maji."

Mama Lemein akashika shavu. "Ngoja kwanza, daktari. Niangalie mimi." Akafungua mdomo. Meno yake yalikuwa meupe. "Nilizaliwa hapa hapa Ilerai. Wakati huo hakukuwa na duka wala kanisa, ni maboma yetu tu. Tulikunywa maji ya mvua kwa bwawa. Kisima kilichimbwa nikiwa tayari mama. Watu wakaja, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya, mji ukakua. Lemein wangu, mtoto wa kwanza, meno yake ni kama yangu. Wale wadogo wake waliozaliwa baada ya kisima wote wako na meno ya kahawia. Nilifikiri ni chai!"

"Umetusaidia sana, yeyo," Nashon alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Nitaomba maji yapimwe."

Nthenya alimvuta binti yake kifuani. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

Maji yalipimwa, na kweli floridi ilikuwa imezidi. Mkutano ukaitishwa kanisani. Watu walikuja na hasira.

"Mnataka kutufungia kisima?" Gakuru, mkulima wa nyanya, alifoka. "Tutakula nini?"

"Hakuna mtu anafunga kisima," Nashon alijibu. "Mwagilieni mashamba, fueni nguo, ogeni. Lakini maji ya kunywa na kupika, hasa ya watoto wadogo, yawe ya mvua."

"Mvua yenyewe iko wapi?"

Wathome akasimama, akaonyesha juu. "Ikinyesha, hii paa ya kanisa inamwaga maji yote nje. Tuweke gata za kukinga maji, na tangi la kuyahifadhi."

Gakuru aliinua macho akaitazama paa. "Niko na ngazi," akasema.

Mabati yalioshwa, gata zikafungwa, tangi likawekwa mfuniko na wavu. Nashon aliwafundisha kuacha mvua ya kwanza imwagike, kwa sababu inabeba vumbi na kinyesi cha ndege, na kuyatia dawa au kuyachemsha maji ya kunywa. Familia nyingi zikafunga gata nyumbani. Wakati wa kiangazi maji ya tangi la kanisa yaliwekewa watoto peke yao.

Katee aliachishwa kunyonya kwa uji wa maji ya mvua.

Alipofika miaka saba, meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, na mapya yakaanza kuchomoza. Evalyne, sasa msichana mkubwa, alimkalisha mlangoni penye mwanga.

"Fungua mdomo. Fungua vizuri!"

Alitazama. Akamwita mama yake, akamwita Mama Lemein, akamwita kila mtu aliyekuwa anapita.

"Ni meupe! Kujeni muone, ni meupe kabisa!"

Evalyne alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mkono wake haukwenda mdomoni.