Bibi wa Chumba cha Nyuma

Bisha. Nakuruhusu. Wanaume wenye vyeti vyao wamebisha mbele yangu, wakacheka mpaka chai ikawapalia, nikawaambia twendeni basi, gari langu hili hapa, dakika ishirini tumefika, mkakae chumba cha nyuma mpaka giza liingie. Na Desemba kwetu huku kwenye nchi ya baridi giza linaingia saa kumi jioni, wala si kusubiri sana. Hakuna aliyepanda gari. Kwa hiyo bisha, lakini kaa kwanza.

Dada yangu anaitwa Nusaiba. Mumewe, Abdulwasi, anaoka mikate kiwandani. Watoto wao watatu: Marwan wa miaka kumi na minne, anayejua kila kitu; Ibtihal wa miaka tisa, anayejua zaidi ya Marwan; na Haitham, kitinda mimba, miaka minne. Jumla watu watano. Mimi shule niliiacha mapema, lakini mpaka tano nahesabu.

Miaka saba walipanga nyumba Mtaa wa Gorsefield, zile nyumba za matofali mekundu zilizobanana kama meno. Mambo yalianzia dirishani. Nusaiba alipanda chumba cha nyuma, ambacho hakilaliwi kwa sababu ya koga, akakuta kioo kimejaa mvuke kwa ndani. Akakifuta na ncha ya mtandio. Alipofika mlangoni akageuka. Kioo kilikuwa kimejaa mvuke tena, ila safari hii katikati tu, duara la ukubwa wa sahani, kama vile mtu kakisogelea akahema.

Akampigia simu mwenye nyumba, Bwana Ollerton.

"Ni nyinyi wenyewe," alisema Ollerton. "Mnapika, mnaoga, mnapumua. Watu watano mnapumua mno."

"Sasa tuache kupumua?"

"Fungueni madirisha."

Wiki iliyofuata, badala ya fundi, ikaja barua. Notisi. Miezi miwili wawe wametoka, sababu haikuandikwa.

Hapo ndipo dada yangu alipoanza kazi ya pili, isiyo na mshahara: kwenda ofisi ya makazi ya halmashauri. Anachukua namba, anakaa, namba inaitwa ya mtu mwingine. Akipiga simu anachezewa muziki dakika arobaini, halafu inakatika. Alipeleka vyeti vya kuzaliwa vya watoto, wakavipoteza, wakavidai tena. Siku alipofika mbele ya ofisa kwa kweli, alikuta binti mmoja anaitwa Gemma Thackray, mpole, anayemwita kila mtu "mpenzi", hata mlinzi.

"Notisi inasema tutoke tarehe kumi," Nusaiba akasema.

"Msitoke, mpenzi."

"Tusitoke?"

"Mkitoka tarehe kumi mtakuwa mmejitakia wenyewe kukosa makao, na aliyejitakia hatuna wajibu naye. Subirini mahakama itoe amri. Halafu subirini madalali wa mahakama waje mlangoni. Siku hiyo ndiyo mtahesabiwa hamna makao."

"Na leo sisi ni nani?"

"Leo mna makao."

"Dada, nyumba ile ina kitu. Kinahema."

Gemma akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Hiyo ni koga, mpenzi. Ina fomu yake."

Unaona mtego? Mwenye nyumba anasema tokeni. Kilichomo ndani nacho, kwa namna yake, kinasema tokeni. Na serikali inasema mkitoa mguu tu, mmekwisha.

Wakabaki. Harufu ikaingia: ya sufu mbichi na utambi uliozimwa sasa hivi. Nusaiba alifukiza ubani nyumba nzima, akawasha sura ya Baqara kwenye simu asubuhi mpaka jioni. Harufu ilihama chumba kwa chumba mbele ya moshi, kama paka anayefagiliwa. Ibtihal akikaa kufanya kazi za shule anamwambia kaka yake, "Acha kunihemea shingoni," na Marwan yuko sebuleni. Abdulwasi akasema ni mabomba. Kila mwanaume ana siku zake za kusema ni mabomba.

Halafu ikaja ile Jumatano. Nusaiba alikuwa amekanda unga wa mikate ya malawah, akaufunika kitambaa na kuuacha mezani uumuke, akainama kumvua Haitham viatu vilivyolowa, na alipoinua macho aliona kitambaa kimepanda, akasema moyoni chachu ya leo nzuri, kisha kikashuka, akasema upepo, ijapokuwa madirisha yote yalifungwa, kisha kikapanda tena na kushuka tena, taratibu, sawasawa, kama kifua cha mtu aliyelala usingizi wa mchana, na kila kiliposhuka ilitoka chini yake sauti nyembamba ya mluzi, ile ya wazee wenye pumu, na Haitham akanyoosha kidole, hana hofu hata kidogo, akasema, "Mama, bibi kalala."

Aliwabeba watoto vile vile, Haitham mguu mmoja kiatu mguu mmoja soksi, akaja kwangu. Chumba changu kimoja, kitanda kimoja. Saa moja jioni Abdulwasi akagonga, bado ana unga kwenye nyusi.

"Turudi," akanong'ona.

"Sirudi. Baba Marwan, nakwambia unga ulikuwa unahema!"

"Punguza sauti, watoto. Ollerton akijua nyumba iko tupu, anabadilisha kitasa kesho. Halmashauri itasema nini? Mmejitakia. Tutalala wapi, kwenye gari la shemeji?"

"Gari langu lina godoro," nikasema. Walinitazama wote wawili.

Wakarudi. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtu anakimbia jini, analazimika kurudi kwa miguu yake.

Mahakama ikatoa amri. Siku nane kabla ya madalali, Gemma alikuja nyumbani kukagua wanaoishi pale. Alikunywa chai ya maziwa, akaisifu, akapanda juu peke yake na karatasi zake. Nusaiba alimsikia akiongea kule juu. Alidhani anaongea na simu.

Aliposhuka uso ulikuwa umebadilika. "Mbona hukuniambia kuhusu bibi?"

"Bibi yupi?"

"Yule wa chumba cha nyuma. Mpenzi, kifua kile, kwenye koga ile! Nimemuuliza jina, kaniambia Sabiha. Nimemuuliza amekaa hapa tangu lini, kasema kabla yenu." Akacheka kidogo. "Wazee!"

Nusaiba akatazama ngazini.

"Maana hii inabadilisha kila kitu," Gemma akaendelea, huku anaandika. "Mkiwa watano, wote wenye afya, nilikuwa na chumba kimoja tu cha hoteli, na hicho kiko mji mwingine, mwendo wa saa mbili. Watoto wangehama shule. Lakini mkiwa sita, na mzee mgonjwa wa kifua, hoteli hairuhusiwi. Ipo nyumba ya vyumba vinne, kavu, ina joto, imefunguliwa jana. Huyu ni mama yako au mama mkwe?"

Sasa mwambie mtu mwenye watoto watatu na siku nane aseme ukweli. Miezi sita ya namba na foleni, na kwa mara ya kwanza mtu wa ofisi anaandika kwa haraka kwa ajili yake. Juu, ubao wa sakafu ulilia mara moja, kisha ukatulia. Kama anayesikiliza.

"Mama mkwe," Nusaiba akasema.

"Nitahitaji kitambulisho chake, au barua ya kliniki."

Hapo akajua uongo umefika mwisho. Gemma alipoondoka akafungua droo ya jikoni kutafuta kiberiti, na juu ya vijiko ilikuwapo kadi ya kliniki. Sabiha. Anwani yao. Karatasi ilikuwa mbichi, imeota koga pembeni, na jina liliandikwa kwa wino uliokuwa bado haujakauka.

Aliipeleka. Usimhukumu. Ungeipeleka.

Madalali walikuja saa nne asubuhi, mvua inanyesha, wanaume wawili wenye adabu. Watu hao adabu yao ndiyo inayokatisha tamaa, hupati hata wa kumtukana. Nguo zimo kwenye mifuko myeusi, Ibtihal kakumbatia sufuria. Mmoja akapita chumba kwa chumba, akashuka, akamwambia Abdulwasi, "Bibi keshatoka, eh? Nilimkuta kwenye ngazi, nikampisha."

Nikaendesha mimi. Mbele Nusaiba kampakata Haitham, nyuma mizigo, wengine kwa basi. Kioo cha mbele kilijaa mvuke njia nzima, kwa ndani, upande wa katikati ambako hakukaa mtu. Nilifuta kwa mkono. Nilifuta tena. Dada yangu hakugeuza shingo.

Nyumba ilikuwa nyumba kweli. Vyumba vinne, kuta nyeupe, mabomba ya joto mpaka unavua sweta. Wiki mbili watoto walicheka. Ya tatu Haitham akaanza kukohoa, ya nne akaanza kupiga mluzi kifuani. Hospitali wakampa dawa ya kuvuta, wakasema ni koga. "Koga ipi?" Nusaiba akafoka. "Kuta zinang'aa!" Alipokaa karibu ya kitanda mchana ule, aliona kitu ambacho bora asingekiona: mtoto alikuwa anatoa pumzi, halafu havuti nyingine, anasubiri, midomo inageuka rangi, mpaka kitu kingine chumbani kivute kwanza, kwa mluzi mrefu wa raha, ndipo zamu yake ifike naye avute kilichobaki.

Nikamleta Sheikh Muqbil. Huyu kwa mchana anatengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto, na majini anayatoa akimaliza, hodari kotekote. Alikuja na sanduku la vifaa, akavua buti, akatia udhu, akaweka kiganja kifuani mwa Haitham, akasoma. Alisoma Ayatul Kursiy, akarudia, akarudia. Mara ya saba mtoto akafumbua macho, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzee, haina hasira, ina uchovu tu.

"Unanitoa wapi? Mimi nimeandikwa."

"Umeandikwa na nani?"

"Waulize ofisini. Hawa ndio wanaokaa kwangu. Bila mimi wako hotelini." Kisha akamtazama dada yangu kwa macho ya mwanawe. "Mkwe, mwambie."

Nusaiba alilia bila sauti. Abdulwasi akashika miguu ya mtoto. Sheikh Muqbil, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu, akasema hakuna kuandikwa mbele ya Aliyeandika kila kitu, akainua sauti, akasoma mpaka vyombo vya jikoni vikatikisika kwenye kabati, na harufu ya utambi ikajaa chumba, ikajaa koo, ikakusanyika kwenye kona moja, ikaenda dirishani, mvuke ukatanda kioo kizima, na kwenye mvuke ule tuliona paji la uso limegandamizwa kwa ndani, kisha kwa nje, kisha mvuke ukayeyuka tukaona bustani na kamba ya nguo.

Haitham akavuta pumzi moja ndefu, safi, akaomba biskuti.

Imekwisha. Hapa ndipo huwa naishia. Watu wananipa chai, wananiuliza namba ya Sheikh, mimi natembea kifua mbele.

Lakini leo umenisikiliza bila kubisha, na hilo limeniharibia. Kuna sehemu huwa naiacha.

Siku kumi baada ya hapo ilikuja barua. Halmashauri inahakiki nyumba zake: ofisa atakuja Jumanne saa tisa alasiri, amwone kila aliyeandikwa. Asiyekuwapo, nyumba itapimwa upya kwa waliobaki. Nusaiba alinisomea mezani, mara mbili. "Nitasema amefariki," akasema. Nikamwambia cheti cha kifo utakitoa droo ipi? Akasema atakiri. Nikamwambia kukiri ni kukubali kosa, watoto watalala hotelini na wewe utalala kwa hakimu. Alikuwa tayari kukiri, naapa. Alishika simu. Ni mimi niliyeichukua mkononi mwake.

"Mwite," nikasema. "Mara moja tu. Jumanne. Kisha Sheikh atamtoa tena, si kazi yake?"

Nilisema vile ninavyosema kila kitu. Mdomo tu.

Jumanne saa nane na nusu Nusaiba alifungua dirisha la chumba cha nyuma, akaita jina hilo kama mkwe anavyomwita mama mkwe wake mezani. Gemma alikuja, akapanda, akazungumza kule juu dakika tano, akashuka anatabasamu, akaweka alama. "Anaonekana na afya zaidi," akasema.

Mluzi umerudi kifuani mwa Haitham, na Sheikh Muqbil amekuja mara tatu tangu hapo. Mara ya tatu hakufungua sanduku. Alisema wa kwanza aliingia bila kuitwa, na huyo anaijua dawa yake. Huyu amekaribishwa, kwa jina, na mama wa nyumba hii.

Nikamwambia dada yangu, basi Haitham alale kwangu. Kitanda nitamwachia.

"Chumba cha mtoto kikiwa kitupu," akasema, "watatuhesabu upya."