Gauni la Satini ya Kijani

"Geuka kidogo, dada, nione mgongo," Mwikali alimwambia mwimbaji aliye kwenye skrini.

"Hakusikii," sauti ya kiume ikamjibu kwa Kiswahili. "Na hiyo taa ya simu uizime."

Ilikuwa Ijumaa ya Desemba, na ukumbi wa sinema pale mtaa wa Olaya, ughaibuni, ulikuwa umefurika. Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani, ya nyimbo za sikukuu katika hoteli iliyofunikwa na theluji. Mwimbaji alishuka ngazi amevaa gauni la satini ya kijani, limembana kiunoni na kumwagika chini, glavu nyeupe zikimpita viwiko. Mwikali alikuwa akilichora kwenye mfuko wa bisi.

Mwenye sauti, mhudumu wa ukumbi, aliinama akautazama mchoro. "Kumbe ni fundi. Mimi Nahashon. Kesho tunairudia, nitakuwekea kiti."

Aliirudia mara nne. Kule mtaa wa Al-Suwaidi alikoajiriwa alishona abaya nyeusi kutwa nzima, lakini chumbani aliendelea na kijani chake. Aliondoa glavu, akaweka mikono mirefu yenye vifungo kumi na viwili vya kitambaa. Nahashon, sasa mpenzi wake, alipohamishiwa Jeddah, Mwikali alimtumia picha ya mchoro.

"Hili nitalivaa siku yetu, babe."

"Nitalia mbele ya pasta," alijibu Nahashon. "Watu watanicheka."

Mwezi wa tano Mwikali aliliona gauni lake kwenye simu, limevaliwa na mwanamitindo wa duka moja la Jeddah. Alihesabu vifungo. Vilikuwa kumi na viwili. Alimpigia Nahashon mara tatu bila kujibiwa, kisha akamblock.

Miezi miwili ilipita kabla Rispah, rafiki yao wa Jeddah, hajampigia. "Mwikali, msikilize tu. Huyo alikuwa anakutafutia kafili huku, mwajiri wa kukudhamini, muwe mji mmoja."

Mwikali alipanda basi la Jeddah. Njiani alijipaka rangi ya mdomo, akaifuta, akajipaka tena. Alikuwa amekwisha kumsamehe na kuifungulia namba yake.

Walikutana Balad, mji wa kale wa Jeddah, mbele ya maduka ya vitambaa, wapagazi wakiwapita na marobota. Nahashon alikuwa amekonda. Shati lake jeupe lilipigwa pasi vizuri.

"Yule madam mwenye duka alitaka kuona kazi yako kwanza," alisema. "Nikampa mchoro. Sikujua atalishona, mpenzi. Naapa."

"Nakuamini."

Nahashon alishusha pumzi, akatoa pete mfukoni. "Basi tuoane. Ikama, kibali chako cha kuishi, tutaihamisha."

Mwikali alinyoosha mkono, kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Ulimwambia nani amechora?"

Nahashon aliitazama pete.

"Nahashon?"

"Nilimwambia tumechora pamoja. Alikuwa ananidharau, Mwikali. Mkata tiketi tu. Nilitaka anione mtu."

"Na mimi?"

"Wewe ungekuja baadaye, ujieleze."

Mwikali alirudisha mkono ndani ya abaya. Hakupiga kelele. Alimwuliza tu stendi iko upande gani, na Nahashon akamwonyesha.

Asubuhi yake alikuwa kwenye cherehani, abaya saba zikimngoja. Simu ikaita.

"Umefika salama?"

"Nimefika."

"Nikupigie jioni?"

Mwikali alibana simu begani, akatunga uzi sindanoni. Ulimkataa mara mbili.

"Halas, yamekwisha, Nahashon," alisema. "Usinipigie tena."